Dark Horse Inakuja, Mimi Niko Ifo: Tuongee Ukweli

Tangu Septemba 2022 inboksi yangu imejaa swali moja: "Mustang mpya unaionaje?" Wengine wanauliza kwa moyo safi. Wengine wanauliza kwa kejeli, kwa sababu wanajua niko wapi. Kuna mmoja aliniandikia, "Buda, wewe uko kambi ya wakimbizi unachambua gari ya mamilioni. Si uchambue mkokoteni wa punda?" Nilicheka sana. Mkokoteni nitauchambua pia, zamu yake inakuja. Lakini leo ni zamu ya Dark Horse, na nitaichambua kama vile ninavyochambua kila kitu: inakuja na nini, itagharimu ngapi, na itamfaa nani.

Kwa wale wapya: natengeneza video na kuandika kuhusu magari, kwa Kiswahili, kutoka Ifo, Dadaab, kaunti ya Garissa. Nimezaliwa hapa. Kambi hii ilifunguliwa 1991, kwa hiyo inanizidi umri kwa miaka kumi. Chuo niliacha mwaka wa pili. Nyumbani tuko wengi, mimi ndiye mkubwa, na kuna mwezi ulifika nikaona unga hauwezi kungoja digrii. Basi. Nina simu, nina bando, nina maoni. Twende.

Inakuja na nini

Ford waliifunua Mustang ya kizazi cha saba kule Detroit tarehe 14 Septemba 2022. Kwetu ilikuwa usiku wa manane, na niliangalia kwa bando ya usiku kwa sababu ndiyo bei nafuu. Mustang yenyewe ni jina la zamani, ilianza kuuzwa 1964. Wamarekani huyaita magari ya aina hii magari ya misuli: injini kubwa mbele, nguvu inaenda magurudumu ya nyuma, milango miwili, na bei ambayo fundi bomba wa kule anaweza kuikopea. Sifa yao ya miaka yote ni kwamba yakienda moja kwa moja hayashikiki. Ukifika kona, soma dua.

Dark Horse ni ile Mustang iliyotengenezwa kusoma kona. Ni ya uwanja wa mbio, lakini ina nambari za barabarani. Injini ni V8 ya lita 5.0, ile wanayoiita Coyote, sasa toleo la nne. Haina turbo. Inavuta hewa yake yenyewe, na mara hii ina njia mbili za kuingizia hewa badala ya moja. Ndani wameweka vyuma vya pistoni vilivyotoka kwa kaka mkubwa, Shelby GT500, ili ivumilie kukanyagwa kwa muda mrefu. Nguvu ni farasi 500. Kwa kulinganisha, Probox ya lita 1.5 inayotubeba hapa ina farasi 100 na ushee kidogo. Yaani weka Probox tano kwenye boneti moja.

Gia, unachagua. Kuna ya mkono, gia sita, na kuna ya kujibadilisha yenyewe, gia kumi. Mimi nasema ya mkono bila kufikiri mara mbili. Breki za mbele ni Brembo, diski za milimita 390. Hiyo diski peke yake haiingii kwenye rimu ya Probox.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni shokamzoba. Wanaziita MagneRide. Mafuta yaliyo ndani yake yana chembe ndogo za chuma, na umeme ukipitishwa, yale mafuta yanakuwa mazito kufumba na kufumbua. Kwa hiyo gari inaamua yenyewe, mara nyingi kila sekunde, iwe ngumu au laini. Nyuma kuna difu ya Torsen inayogawa nguvu kati ya matairi mawili, ili lile lililokosa mshiko lisizunguke bure ukitoka kona. Kuna pia vipoza joto vya ziada: cha mafuta ya injini, cha gia, na cha difu ya nyuma. Watu hudhani gari ya mbio inauawa na spidi. Inauawa na joto. Unazunguka mara kumi ukiwa umekanyaga, kila kitu kinachemka, na ile gari ya kawaida inaanza kujipunguzia nguvu ili isiungue.

Halafu kuna utani mmoja wa Ford: unaweza kubonyeza ufunguo ukiwa nje, na injini inanguruma peke yake. Hebu fikiria hiyo soko la Bosnia saa tano asubuhi. Mbuzi wote wangekuwa Liboi kabla ya adhuhuri.

Bei

Ninapoandika hii Februari 2023, Ford hawajatoa bei ya Dark Horse. Kwa hiyo tufanye hesabu wenyewe, ndiyo raha yenyewe.

Gari iliyotangulia kwenye kiti hiki ni Mustang Mach 1 ya 2021, ilianza karibu dola 53,000. Tangu hapo kila kitu kimepanda. Mimi nasema Dark Horse itaanza kati ya dola 58,000 na 60,000. Wekeni alama hapo, mtanikumbusha.

Sasa tuilete Kenya. Kwanza usukani. Sheria ya Kenya haikubali kusajili gari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, na hapo ndipo magari mengi ya Kimarekani hufia. Mustang ilipona 2015, kizazi cha sita kilipoanza kutengenezwa na usukani wa kulia kiwandani, ikauzwa Uingereza, Australia, Afrika Kusini. Hii mpya pia itakuwa na usukani wa kulia. Kwa hiyo mlango uko wazi. Kinachobaki ni doo.

Chukua dola 60,000, tujifanye meli imeshalipwa humo ndani, na tutumie viwango vya Februari 2023. Kwa shilingi 124 kwa dola, hiyo ni 7,440,000. Ushuru wa forodha asilimia 25: ongeza 1,860,000. Ushuru wa bidhaa kwa petroli inayozidi lita 3.0 ni asilimia 35, na unapigwa juu ya ile jumla mpya, si juu ya bei ya mwanzo: ongeza 3,255,000. Halafu VAT asilimia 16, nayo juu ya yote hayo: ongeza 2,008,800. Ada ya tangazo la mzigo asilimia 3.5 na ya reli asilimia 2, hizi zinarudi kwenye bei ya mwanzo: 409,200. Jumla ni shilingi 14,973,000.

Soma tena. Milioni kumi na tano, na nusu yake si gari. Ni ushuru juu ya ushuru. Ndiyo maana ukimsikia mtu anasema "Marekani hiyo gari ni milioni saba tu", mwambie saba ni ya Marekani, ya Mombasa ni kumi na tano.

Nilipokuwa nafanya kazi ya posho hapa kambini, nilikuwa napata 8,000 kwa mwezi. Nikiweka yote, bila kula, bila kununua hata sabuni, ningeifikia Dark Horse baada ya miaka 156. Nimeipigia hesabu mara mbili.

Njia ya pili ni kungoja. Kenya inaruhusu gari iliyotumika isiyozidi miaka 8. Dark Horse ya 2024 itaweza kuingia kama mtumba hadi 2031, ikiwa imeshuka bei na ushuru wake umeshuka nayo. Nitakuwa na miaka thelathini hivi. Kungoja ni kazi ambayo watu wa Ifo tuna uzoefu nayo.

Itafaa?

Hapa ndipo wachambuzi wa kule nje hupita haraka. Wanasema viti vya nyuma ni vidogo, buti linaingiza mifuko miwili, mafuta inakunywa, asante kwa kutazama. Mimi acha niichambue kwa barabara yangu.

Mafuta kwanza. Mach 1 ilikuwa inakwenda kama kilomita 7 kwa lita, na sioni Dark Horse ikifanya muujiza. Kutoka Ifo hadi Nairobi ni kama kilomita 470. Hiyo ni lita 67. Kwa bei ya Nairobi mwezi huu, 177.30, ni karibu shilingi 12,000 kwenda tu. Na petroli ya hapa kambini, ile ya chupa, haijawahi kusikia habari ya bei ya Nairobi.

Barabara. Kutoka hapa hadi Garissa ni mchanga na vumbi, na mvua ikinyesha ni tope la kumeza lori. Miaka hii miwili tope hatujaliona, misimu mitano ya mvua imepita mikavu na mizoga ya ng'ombe iko kando ya njia. Dark Horse iko chini kama mkeka. Ukichukua ile pakiti ya ziada ya mbio, inakuja na tairi za Pirelli Trofeo RS, upana wa 315 nyuma, zimetengenezwa kunata kwenye lami yenye joto. Joto tunalo. Lami hatuna. Na mwiba wa mgunga haujali tairi imetoka Italia.

Niliionyesha Hooyo picha. Akaikuza kwenye simu, akaangalia kwa makini, akauliza mbuzi anakaa wapi. Nikamwambia hakuna mahali pa mbuzi. Akanirudishia simu.

Adeer wangu anayeendesha Probox kati ya hapa na mjini Dadaab yeye aliuliza swali la kifundi: "Hizo shokamzoba za umeme zikiharibika, nani atazitengeneza?" Ni swali zuri kuliko yote niliyosikia kwenye video za Wazungu. Gari inafaa mahali ambapo kuna mtu wa kuitengeneza na kuna mtu wa kuuza spea. Ndiyo maana Probox, Surf na Land Cruiser zinatawala Kaskazini Mashariki. Fundi wetu anazijua kwa kusikiliza tu. Na usidharau Probox: inabeba watu, magunia, jerikeni, na kuku juu, siku saba kwa wiki. Ukitaka kuona gari ya mbio ya kweli ya upande huu, angalia pikapu ya miraa inavyoshuka kutoka Meru. Ile nayo inakimbizana na saa, na ikichelewa mzigo unakauka.

Na historia iko upande wa adeer. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Safari Rally timu ya Mercury Comet, magari makubwa ya V8, na pesa nyingi, na kelele nyingi. Mawili tu yalimaliza. Aliyeshinda mwaka huo ni Peter Hughes, kwa Ford pia, lakini Ford ndogo, Cortina GT. Nguvu bila kufaana na barabara ni picha ya kuweka ukutani.

Lakini kuna jambo la kufaa ambalo halimo kwenye uchambuzi wa mtu yeyote. Tuseme mtu amenipa Dark Horse bure. Ufunguo huu hapa, tangi limejaa. Bado siwezi kuipeleka Garissa. Mkimbizi hatoki eneo la kambi bila kibali cha kusafiri, na kibali kina sababu zake: matibabu, masomo, mahojiano. Hakuna kisanduku cha "nataka kujaribu gia ya tatu". Kwa hiyo gari yenye farasi 500 na gari yenye farasi 50, kwangu zinafika mahali pamoja, kwenye kizuizi.

Tena kuna karatasi nyingine. Mimi na marafiki wawili tunachanga kununua tuktuk ya mkono wa pili, 280,000, ifanye kazi kati ya Ifo na Dagahaley. Tumefika 190,000. Kila kitu kiko sawa isipokuwa kwamba logibuku itasoma jina la mtu mwingine, mwenyeji, mtu mzuri, jirani wa miaka mingi. Namwamini. Lakini mtu mzuri akifa, watoto wake wanasoma logibuku, hawasomi mapatano yetu ya chini ya mti. Kwa hiyo mkiniuliza swali la kwanza kuhusu gari yoyote, mimi siulizi farasi ngapi. Nauliza jina la nani.

Sasa kwa nini ninaingoja?

Kwa sababu yule msee wa mkokoteni alikuwa na maana ndani ya kejeli yake, na nataka kumjibu bila hasira. Anachosema ni hiki: mtu asiye na kitu atamani vitu vya kiwango chake. Atamani unga. Atamani turubai. Akitamani V8, amechanganyikiwa.

Mimi sikubali. Kutamani unga hakuhitaji kufundishwa, tumbo linajua lenyewe. Lakini kujua jinsi ushuru unavyopigwa juu ya ushuru, kujua kwa nini mafuta yenye chembe za chuma yanakuwa mazito, kujua kwamba bei ya dukani si bei ya bandarini, hiyo ni elimu, na mimi nimeipata kwa kufuata magari nisiyoyamudu. Ile hesabu ya milioni kumi na tano ndiyo iliyonifundisha kukaa na wenzangu wawili tukaandika hesabu ya tuktuk: mafuta kwa siku, tairi kwa miezi, bima, fundi, na siku ambazo haitatembea. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika faida tu. Tukaandika upya. Tukaona kwamba kwa bei ya kwanza tuliyoambiwa tungelipa deni miaka mitatu. Tukarudi kujadiliana, na muuzaji akashuka 40,000. Hiyo 40,000 imetoka Detroit, mkitaka kujua.

Na kuna kutamani kwenyewe. Hapa tunangojeshwa tarehe za watu wengine. Machi 2021 serikali ilisema Dadaab na Kakuma zifungwe, baadaye tarehe ikawa 30 Juni 2022. Tarehe ilipita, tuko hapa. Binamu yangu mmoja alingoja ndege ya Marekani miaka tisa. Alikuwa ameshauza vyombo Januari 2017, wakati amri ya Trump ilipotoka, akarudi kununua sufuria alizouza. Baadaye alienda, sasa yuko Columbus, Ohio, anaendesha lori. Nilimuuliza kuhusu Mustang. Akasema kijana wa umri wangu akinunua V8 kule, bima peke yake itamlilia. Sheria mpya ya wakimbizi ya hapa Kenya nayo ilianza kutumika Februari 2022, inaongea kuhusu kufanya kazi na kujitegemea, na tunaingoja iteremke kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kizuizi.

Kati ya vitu vyote ninavyovingoja, Dark Horse ndiyo pekee ambayo nimechagua mwenyewe kuingoja. Ikichelewa, hakuna anayelala njaa. Ikiwa ghali kuliko nilivyosema, nitacheka. Hakuna mtu atakayeniita kwenye dirisha na kuniambia faili langu limepotea. Ni kungoja kwa raha, kama mtoto wa Nairobi au wa Dar anavyongoja simu mpya, na mimi naona ni haki yangu kungoja hivyo kama yeye.

Kwa hiyo hukumu yangu, kabla bei haijatoka. Kama uko Nairobi, una kazi, una lami ya Thika Road na unaipenda kelele ya V8, subiri ya mtumba, usikimbilie mpya. Chukua gia ya mkono, acha ile pakiti ya tairi za mbio, kwa sababu tairi hizo zitaisha kabla hujamaliza kujisifu. Dodge wameshasema Challenger ya V8 inaishia mwaka huu wa 2023, kwa hiyo V8 ya kuvuta hewa yake yenyewe, na gia ya mkono, inaenda kuwa kitu adimu. Thamani yake itashikilia. Kama una familia, nunua kitu kingine, Hooyo ameshauliza swali.

Kama uko Ifo, kama mimi, jua bei yake hadi senti ya mwisho, jua inavyofanya kazi, kisha tumia hesabu hiyo hiyo kwa tuktuk. Na uliza jina la nani.

Jina lenyewe, Dark Horse, kwa Kiingereza ni farasi ambaye hakuna aliyemwekea dau. Ford wanauza hilo jina kwa dola 60,000. Sisi hapa tumepewa bure.

Ijumaa ninachambua mkokoteni wa punda. Farasi nusu, hakuna kipoza joto, matairi ya Probox iliyokufa, na logibuku haihitajiki. Usikose.